Jeki kamuuma mtoto: msimuue leo

Swali: Shikamoo daktari. Tunakaa Kibaha, tuna watoto watatu, mdogo ana miaka sita. Mbwa wetu Jeki ni chotara, ana miaka minne. Mchana tunamfungia bandani, usiku tunamwachia alinde. Jana saa kumi na mbili jioni alikuwa ameshafunguliwa, anatafuna mifupa nyuma ya jiko. Mpira wa watoto ukaviringika hadi kwenye bakuli lake, mdogo akainama kuuokota, Jeki akamrukia. Ana matundu mawili mkononi na mchubuko shavuni uliotoa damu kidogo. Tulimwosha kwa maji, bibi yao akampaka majivu. Mume wangu anasema mbwa auawe leo. Mama mkwe anasema apelekwe Handeni kwa mjomba, huko kuna shamba. Watoto wakubwa wanalia, na mimi sijui nisimame wapi. Chanjo alichomwa mwaka jana lakini kadi siioni. Wiki mbili zilizopita alimngurumia mtoto huyohuyo, baba yake akamchapa fimbo. Tufanye nini?

Jibu: Marahaba mama, na poleni sana. Umeniuliza habari za mbwa, lakini nitaanza na shavu la mtoto, maana hilo ndilo lenye saa inayokimbia. Habari za Jeki zina siku kumi nzima.

Kama mtoto bado hajafika hospitali, weka simu chini. Chukua sabuni ya mche, ile ya kufulia inatosha, mpeleke bombani au mmiminie maji kwa kata, na uoshe vidonda vyote kwa dakika 15 za kwenye saa. Usikisie, tazama saa, kwa sababu mtoto akianza kulia dakika nne zinaonekana kama nusu saa. Majivu yatoke yote. Usiseme usiku umeshapita kwa hiyo hakuna maana. Kuosha kwa kuchelewa ni bora mara nyingi kuliko kutoosha. Kirusi cha kichaa cha mbwa kimevaa ganda laini la mafuta, na sabuni hulivunja ganda hilo kama inavyovunja mafuta kwenye sufuria. Mkimaliza, pakeni ayodini au spiriti kama ipo, msifunge kidonda kwa kukibana, nendeni.

Bibi msimlaumu. Alifanya alichofanyiwa na yeye. Nimeona majivu, nimeona pilipili, chumvi na mafuta ya taa, na vyote huumiza nyama iliyokwisha kuumia bila kumgusa adui aliyemo ndani. Mweleze tu kwa heshima kwamba siku nyingine aanze na sabuni.

Sasa, hospitali. Kabla hamjapanda daladala au bodaboda, pigeni simu muulize kama chanjo ya kichaa cha mbwa ipo, kwa sababu si kila zahanati inayo, na mzazi akizungushwa vituo vitatu huchoka akarudi nyumbani. Hospitali ya wilaya au ya mkoa ndiyo pa kuanzia. Mkifika semeni waziwazi: kaumwa na mbwa, ngozi imetoboka, damu imetoka, na jeraha moja liko usoni. Neno "usoni" lisisahaulike. Kirusi hiki hakisafiri kwa damu. Hupanda taratibu kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, na shavu liko karibu na ubongo kuliko kifundo cha mguu. Kwa kawaida dalili huchukua miezi miwili au mitatu kutokea, lakini inaweza kuwa wiki moja na inaweza kufika mwaka. Zikishatokea, karibu hakuna anayepona. Ndiyo maana sikubaliani na wazazi wanaosema "tusubiri tuone". Katika ugonjwa huu, kuona ndiko kuchelewa. Duniani inakadiriwa watu 59,000 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, karibu wote kwa meno ya mbwa, na wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15.

Mtu mzima mmoja mtaani kwenu atamtisha mtoto kwa habari za sindano 21 za tumboni. Hizo zilikwisha. Leo mtoto huchomwa begani, aliye mdogo zaidi huchomwa pajani, kamwe si kwenye tako. Zipo njia mbili, na hospitali itachagua kulingana na ilichonacho. Moja ni sindano nne au tano za kwenye msuli zinazoenezwa ndani ya wiki mbili hadi nne. Ya pili ni sindano ndogo mbili za ndani ya ngozi, siku ya kwanza ambayo wao huiita siku 0, kisha siku ya 3 na ya 7. Siku 0 ni siku ya sindano ya kwanza, wala si siku ya kuumwa. Andikeni tarehe zote ukutani, maana watu wengi huishia sindano ya pili mtoto anapoonekana mzima. Muulizeni daktari pia kama anahitaji kingamwili iliyo tayari, inayodungwa ndani na kandokando ya kidonda ili kumlinda mtoto katika siku ambazo chanjo bado haijaamka. Kwa jeraha lililotoboa ngozi ni swali la haki kabisa. Kama leo haipo, inaweza kutolewa hadi siku 7 baada ya chanjo ya kwanza, kwa hiyo kuna muda wa kuitafuta. Zaidi ya hapo kuna chanjo ya pepopunda, pengine na dawa ya kuzuia usaha, kwa kuwa jino la mbwa hupeleka uchafu chini kabisa na kuufunika. Na mkiona wanasita kushona lile shavu, msidhani ni uzembe. Jeraha la mbwa likishonwa mapema hufungia maadui ndani.

Je, chanjo aliyochomwa Jeki mwaka jana haiwaondolei haya yote? Inapunguza hofu, haiondoi safari. Chanjo ya mbwa hurudiwa kila mwaka, na mbwa aliyechomwa mara moja miezi kumi na nne iliyopita si sawa na mbwa aliyechomwa kila mwaka. Isitoshe kadi haionekani. Mwendeeni afisa mifugo wa kata, mara nyingi huwa na daftari la waliochanjwa, na jina la baba mwenye nyumba litakuwamo kama zoezi lilifanyika mtaani kwenu. Lakini mtoto aende hospitali huku daftari likitafutwa.

Sasa nizungumze na baba.

Mzee, hasira yako naielewa. Mtoto wako kaumwa uani mwako, na mbwa unayemlisha mwenyewe. Nikuombe kitu kimoja: usimuue leo, wala kesho. Simuombei Jeki msamaha. Nakuomba kwa sababu Jeki akiwa hai ndiye kipimo pekee tulicho nacho. Hakuna kipimo cha kuaminika cha kichaa kwa mbwa aliye hai; maabara hupima ubongo. Ila maumbile yametupa kipimo kingine, nacho ni bure. Kirusi hutokea kwenye mate ya mbwa siku chache tu kabla hajaanza kuugua, na akishaanza kuugua hafiki mbali, hufa ndani ya siku chache. Kwa hiyo mbwa akifika siku ya 10 tangu siku aliyouma, anakula, anakunywa, anatembea kama kawaida yake, basi siku ile aliyouma mate yake hayakuwa na kirusi. Hesabu hii ni ya mbwa na paka. Angekuwa mbweha, fisi au nyani nisingeitumia.

Ukimpiga nyundo leo umekizima kipimo. Mtoto itabidi amalize sindano zote kwa hofu, na mama yake ahesabu miezi akimwangalia kila anapokunywa maji. Na wengi wanaomuua mbwa kwa hasira humponda kichwa, kisha humzika au kumchoma moto, yaani huharibu kiungo kilekile ambacho maabara ingekihitaji. Kama ikitokea Jeki akafa katika siku hizi, au ikabidi auawe kwa usalama, msiguse kichwa kwa mikono mitupu wala msikizike. Mwiteni afisa mifugo. Yeye anajua namna ya kuchukua sampuli na kuipeleka Wakala wa Maabara ya Veterinari, Temeke. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa kutolewa taarifa. Hata kama majirani hawataki maneno, serikali inatakiwa kujua.

Siku kumi zenyewe zikae hivi. Jeki awe ndani ya banda lenye mlango unaofungika kwa komeo na kufuli, si mnyororo kwenye mwembe, maana mnyororo hukatika na mtoto wa jirani huja na jiwe. Mtu mzima mmoja tu ndiye amhudumie, chakula na maji yasukumwe kwa chini. Usiku asifunguliwe, mlinzi au komeo la geti litafanya kazi hiyo kwa siku kumi. Asichanjwe katika kipindi hiki, kwa sababu homa ya chanjo inaweza kutuchanganya tukadhani ni ugonjwa. Afisa mifugo aje amwone mapema na aje tena mwishoni, na aandike. Mwenyekiti wa mtaa akija na vijana wenye marungu, mwonyesheni hiyo karatasi: mbwa yuko chini ya uangalizi, na uangalizi huo ndio unaomlinda mtoto wenu na wa kwao. Akitoroka, au akapotea katika namna isiyoeleweka, hesabuni kwamba alikuwa mgonjwa na mtoto amalize dawa zote.

Mtaangalia nini? Watu wanasubiri mbwa anayetokwa povu na kukimbia hovyo barabarani. Huyo yupo, lakini yupo pia mgonjwa wa kimya, anayejificha kwenye giza la banda, taya limelegea, mate yanadondoka, na familia inasema "mfupa umemkwama" kisha mtu anaingiza mkono kuutoa. Msiingize mkono kamwe. Angalieni sauti iliyobadilika na kuwa kama ya kukwaruza, miguu ya nyuma inayoyumba, kutafuna mawe na vijiti, kutomtambua anayemlisha, kuruka kwa kelele ndogo tu. Na acheni ile habari ya kumwekea beseni la maji kuona kama anaogopa. Kuogopa maji ni kwa binadamu. Mbwa mwenye kichaa anaweza kuliendea beseni, akashindwa tu kumeza.

Kuna mvulana wa miaka tisa, Joseph Meister wa Alsace, aliumwa vibaya na mbwa na akapelekwa Paris kwa mwanasayansi Louis Pasteur. Tarehe 6 Julai 1885 ndipo alipoanza kuchomwa chanjo ambayo hadi hapo ilikuwa imejaribiwa kwa mbwa. Aliishi akawa mtu mzima. Miaka zaidi ya 130 imepita tangu siku hiyo, na mimi bado huitwa kwenye nyumba ambayo mtoto alipakwa majivu akalazwa. Pemba walishaukata ugonjwa huu kwa kuchanja mbwa tu; ukarejea mwaka 2016, wakachanja tena, ukakatika tena. Hesabu yenyewe haina siri, mbwa 7 katika kila 10 wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita.

Haya, tuseme siku kumi zimepita na Jeki mzima. Kwa ulivyoeleza, ndicho ninachokitarajia. Hapo ndipo swali lako la kweli linaanza, na hapo ndipo nyumba nyingi hugawanyika, nusu wakisema mbwa mbaya, nusu wakisema mtoto alimchokoza. Pande zote mbili zinamtafuta mwenye hatia. Mimi naangalia mambo mengine.

Kwanza jeraha. Yupo daktari mmoja wa tabia za mbwa, Ian Dunbar, aliyepanga kuumwa na mbwa kwa ngazi sita, na sisi wa kazi hii huzitumia. Ya kwanza mbwa hufoka bila kugusa. Ya pili meno hugusa bila kutoboa. Ya tatu ni tundu moja hadi manne ya mara moja, hakuna lililozama zaidi ya nusu ya urefu wa chonge. Ya nne limezama zaidi, na mara nyingi mbwa alishikilia au alitikisa kichwa. Ya tano ni kuuma mara nyingi kwa nguvu. Ya sita ni kifo. Mwombe daktari wa hospitali akuambie kina cha yale matundu ya mkononi. Matundu mawili mafupi na mchubuko wa shavu, mbwa akaachia mwenyewe, hiyo naiweka ngazi ya tatu. Jeki alikuwa na uwezo wa kufanya makubwa kuliko aliyoyafanya. Sikwambii hivyo ili ufurahi. Ngazi ya tatu usoni mwa mtoto ni jambo zito. Lakini mbwa anayejizuia akiwa na hasira anaweza kufanyiwa kazi. Asiyejizuia siwezi kumwahidi mtu chochote.

Pili, sababu. Hapa sababu unaiona kwa macho: mifupa, mtoto aliyeinama, uso wake sawasawa na mdomo wa mbwa. Kwa mbwa, kiumbe anayeinamia bakuli lako akikutazama amekuja kunyang'anya. Uso wa mtoto huumwa kwa sababu ya kimo, si kwa kuchaguliwa. Afadhali mara mia kuumwa kwenye sababu ninayoweza kuifungia mlango kuliko mbwa aliyeinuka usingizini akamuuma mtoto aliyekuwa amekaa kimya.

Tatu ni ile fimbo, na hapa baba anivumilie tena. Wiki mbili zilizopita Jeki alinguruma. Kunguruma ni adabu ya mbwa. Ndiyo hodi yake. Kabla ya hapo alishatoa dalili ndogondogo ambazo hakuna aliyezisoma: aliganda ghafla juu ya bakuli, akalamba midomo bila chakula, akageuza kichwa huku weupe wa jicho ukionekana. Hakuna aliyemjibu, akanguruma, akachapwa. Alichojifunza ni kwamba kunguruma huleta fimbo mtoto anapokuwa karibu. Hakujifunza kumpenda mtoto. Safari iliyofuata aliacha hodi akaingia moja kwa moja. Nimeikuta hadithi hii kwenye nyumba nyingi mno kiasi kwamba siku hizi nikiambiwa "aliuma bila onyo", swali langu la kwanza huwa: onyo la mwisho mlilifanya nini?

Na la nne, maumivu. Kabla ya uamuzi wowote, baada ya siku ya kumi, daktari wa mifugo amkague akiwa amefungwa mdomo vizuri: masikio, meno, nyonga, kucha, kupe waliojazana katikati ya vidole. Niliwahi kuletewa mbwa mpole wa miaka saba aliyemuuma binti wa nyumba aliyemshika kichwani. Sikio lake la kushoto lilikuwa limeoza ndani, usaha hadi chini. Wiki tatu za dawa, na yule mbwa akarudi kuwa yule wa zamani. Si wote huwa hivyo, lakini ni aibu kumuua mbwa kwa sikio.

Sasa nyumba yenu. Jeki anaishi kama mbwa wengi wa mijini kwetu: saa kumi na mbili ndani ya banda la mabati lenye joto la Kibaha, watoto wakipita na kugonga mabati kwa fimbo, kisha jioni geti linafunguliwa naye anaambiwa sasa wewe ni askari. Halafu tunashangaa kwamba saa kumi na mbili jioni, dakika ile anapofunguliwa, watoto bado wakicheza mpira, ndipo balaa linapotokea. Ratiba yenu inawakutanisha mbwa mwenye njaa na mori, na watoto waliochangamka, kwenye uwanja mmoja, mbele ya mifupa. Mbwa mpole kuliko Jeki angeweza kushindwa mtihani huo.

Kwa hiyo nawauliza ninyi wawili, baba na mama, na mjibu kwa kweli ya nyumbani kwenu: mnaweza kuhakikisha kwamba Jeki na mtoto wa chini ya miaka kumi hawakutani kamwe bila mtu mzima kuwapo? Kuwapo maana yake macho, si kuwa jikoni mkisikia sauti zao, si kuwa kibarazani na simu. Kama mnaweza, Jeki abaki kwa masharti haya. Uzio wa kugawa ua, wenye mlango unaojifunga, ambao mtoto hawezi kuufungua. Chakula ndani ya banda mlango ukiwa umefungwa, na bakuli liondolewe na mtu mzima likishakuwa tupu. Mifupa ya uani ikome. Asifunguliwe kabla watoto hawajaingia ndani na mlango wa nyumba kufungwa. Atembezwe kwa kamba asubuhi, hata nusu saa. Mbwa aliyechoka vizuri huwa na subira zaidi. Banda lihamie kivulini. Chanjo kila mwaka na kadi ibandikwe mahali isipopotea. Kumhasi kuna faida zake, kunapunguza kuzurura na kupigana, ila msitarajie kutamfundisha kugawana bakuli.

Baba mwenyewe ndiye ningempa kazi ya bakuli. Jeki akila, pita mbali, umtupie kipande cha nyama kizuri kuliko anachokula, uendelee na safari yako. Kesho tena, kesho kutwa tena, kwa hatua ndogo za kusogea. Akiganda, umesogea mno, rudi nyuma. Baada ya wiki kadhaa atakuwa anainua kichwa kwa matumaini anapokuona. Kazi hii ni ya watu wazima. Mtoto haingizwi humo, hata Jeki awe malaika.

Kama jibu ni hapana, kwamba mchana nyumba huachwa na dada wa kazi mwenye mambo mengi, kwamba fedha ya uzio haipo, kwamba mama huwezi tena kulala mbwa akiwa nje, basi hiyo nayo ni hapana halali, na sitamwambia mtu amebeba moyo mgumu. Ila itimizwe kwa njia safi. Na hapa ndipo Handeni inapoingia.

Mama mkwe wako ana nia njema, lakini nitakuuliza: kwa mjomba hakuna wajukuu? Shamba siyo dawa. Mbwa anayelinda bakuli Kibaha atalilinda Handeni, kwa watu wasiomjua, watoto wasioonywa, na hospitali iliyo mbali zaidi. Nimewahi kumtibu mbwa aliyehamishwa nyumba tatu, na ya tatu tu ndiyo iliyoambiwa kwamba anauma. Mbili za kwanza ziliambiwa "tunahama tu". Mbwa kama Jeki anaweza kuhama ikiwa mambo mawili yametimia: amemaliza siku zake kumi, na anayempokea ni mtu mzima asiye na watoto, pengine yadi ya magari au ghala, aliyeambiwa kwa maandishi kila kilichotokea na akaonyeshwa jinsi ya kumlisha. Kama mjomba ni mtu wa namna hiyo, sawa. Kama hatukuambiana ukweli, tunahamisha jeraha kwenda kwenye shavu lingine.

Na kama hakuna mpokeaji wa kweli, au daktari akikuta jeraha ni la kina kuliko ulivyonieleza, au ikigundulika kuna mtu mwingine ambaye Jeki alishawahi kumuuma bila sababu, basi nitasema wazi ambalo wenzangu wengine hulizunguka: auawe na daktari wa mifugo. Sindano ya kwanza humlegeza, ya pili humlaza asiamke, na ni kazi ya dakika chache. Asipewe sumu kwenye nyama, asipigwe, asitupwe porini au barabara ya Morogoro. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo, lakini hata ingekuwa haipo, watoto wakubwa wanatazama tunavyofanya. Msiwaambie katoroka. Watamngoja getini.

Mwisho mtoto mwenyewe. Wiki hizi anaweza kukojoa kitandani, kushtuka usingizini, kukataa kwenda chooni cha nje. Msimwambie "ulimfuata mwenyewe". Alifuata mpira. Wala msimlazimishe kumshika Jeki ili kuondoa woga; woga huo kwa sasa ni mlinzi mzuri kuliko mbwa. Moyo ukishatulia mfundisheni yeye na kaka zake: mbwa anayekula, anayelala, mgonjwa au mwenye watoto haguswi, mbwa akikujia vibaya, usikimbie, simama kama mti, mikono umeikunja, macho chini, ukianguka, jikunje kama jiwe, ficha uso na shingo. Waigize hapo sebuleni, baba awe mbwa. Watoto hucheka, na kilichochekwa hakisahauliki.

Mpira ukiingia tena upande wa Jeki, aitwe mtu mzima. Nunueni mipira miwili.